Kalusi Zimegeuka Kahawia: Kusoma Dalili Pale Uhandisi wa Jeni za Mpunga Unapokwama

Kuhamishia jeni kwenye mpunga ni kazi ya miezi mitatu hadi minne, tangu mbegu iingie kwenye sahani mpaka mche utoke kwenye chupa. Ubaya wake ni kwamba jambo linaharibika leo na dalili yake inajitokeza baada ya mwezi. Ndiyo maana maswali ninayoletewa na vijana hapa Tanga huanza na bakteria au plazimidi (kiduara cha DNA kinachobeba jeni ndani ya bakteria), na majibu yake mara nyingi huishia kwenye mbegu, kalusi (bonge la seli za mmea ambazo hazijawa jani wala mzizi, na ndizo tunazozipa jeni), maji na joto la chumba. Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, lakini usomeni kwa kurudi nyuma: ukiona kitu leo, jiulize ulifanya nini wiki tatu zilizopita.

Mfano wangu mkuu ni mpunga na njia ni ya agrobakteria, yaani ile bakteria ya udongo ambayo kwa asili yake huingiza kipande cha DNA yake kwenye mmea na kuusababishia uvimbe. Zamani wengi waliamini njia hii haifai kwa nafaka, maana nafaka haziugui uvimbe huo porini. Mwaka 1994 Hiei na wenzake wa Japan Tobacco walionyesha kwamba mpunga unakubali vizuri tu, mradi bakteria ikutane na tishu inayofaa. Mahindi yakafuata mwaka 1996, ngano mwaka 1997. Maneno ya kushika hapo ni "tishu inayofaa".

Jambo moja la sheria kwanza. Kwetu, kuingiza jeni kwenye mmea ni kazi ya kibali, hata kama mmea hautoki nje ya maabara. Inasimamiwa na kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini kuzalisha kalusi na kuzichipuisha bila jeni yoyote ni ukuzaji wa tishu wa kawaida, jamii moja na miche ya chupa ya mkonge na migomba. Nusu ya matatizo yaliyomo humu unaweza kuyamaliza hapahapa kwa mbegu za mpunga kutoka skimu ya Mombo, kabla hujamgusa bakteria hata mmoja. Anayeruka hatua hiyo ndiye anayenipigia simu usiku.

Sahani nne ambazo watu huona uvivu kuziandaa

Bila sahani za ulinganisho, utatuzi wote ni kubahatisha. Kila unapoambukiza kalusi, tenga nyingine kutoka kundi lilelile, za umri uleule. Za kwanza hazikuambukizwa wala kuwekewa dawa ya kuchagulia, yaani ile inayoua seli ambazo hazikupokea jeni, kama haigromisini. Hizi zinakuambia kama kalusi zako zina uwezo wa kuchipua. Za pili hazikuambukizwa lakini zimewekwa kwenye dawa. Hizi zinatakiwa zife zote. Za tatu zimeambukizwa, zikaoshwa, zikawekwa kwenye kiuavijasumu cha kumaliza bakteria peke yake. Hizi zinakuonyesha madhara ya maambukizi yenyewe. Za nne zimeambukizwa kwa bakteria yenye jeni ya GUS, ambayo hugeuza seli kuwa bluu ukiipa kemikali yake. Hizi utazitoa mhanga siku ya tatu ili uone kama DNA ilivuka.

Dalili nyingi zilizo hapa chini zina jibu kwenye mojawapo ya sahani hizo. Aliyebana matumizi kwa kuziacha atalipia kwa miezi.

Sahani imeota ukungu

Usianze kwa kulaumu mikono. Tazama ukungu umeanzia wapi. Ukizunguka mbegu tu, na jeli nyingine ni safi, uchafu ulikuja na mbegu. Ukitapakaa mahali pasipo na mbegu, ulianguka wakati wa kumimina jeli, au kichujio cha kabati la hewa safi kimechoka. Ili kutofautisha, acha sahani kadhaa tupu kwa siku tatu baada ya kumimina. Zikiota kitu, tatizo liko kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wa shinikizo) au kabati, na mbegu haina kosa.

Kuna muundo wa tatu ambao wageni wa pwani hawaujui: vidoa vidogo vilivyopangana mstari kutoka ukingoni kuelekea katikati. Huyo ni utitiri au sisimizi aliyepita na vijimbegu vya ukungu miguuni. Masika, hewa inapokuwa nzito na rafu hazikauki, mdudu mmoja anaweza kutembelea rafu nzima usiku mmoja. Kuosha mbegu kwa nguvu zaidi hakusaidii chochote hapo. Toa sahani zote zilizoguswa bila huruma, pitisha kwenye otoklevu zikiwa zimefungwa, pangusa rafu kwa spiriti ya asilimia 70, na kuanzia siku hiyo funga kila sahani ukingoni kwa utepe. Miguu ya rafu iweke kwenye vikopo vyenye maji na sabuni.

Kuhusu mbegu zenyewe: mchele wa dukani haufai, hata uwe Supa ya bei ghali. Mashine ya kukoboa imeng'oa kiinitete, na kiinitete ndicho kinachozaa kalusi. Chukua mpunga wenye maganda, wa msimu wa karibuni, umenye kwa mkono na uchague punje zisizo na doa jeusi. Dakika moja kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha nusu saa kwenye dawa ya klorini yenye tone la sabuni huku ukitikisa, halafu suuza mara nne au tano kwa maji yaliyopikwa kwenye otoklevu. Hapo kwenye klorini pana mtego. Chupa iliyoandikwa asilimia 3.5 haibaki asilimia 3.5 ikikaa dirishani mwa duka inapigwa jua. Joto na mwanga huivunja. Nunua chupa mpya, itunze kabatini, na ukishaifungua andika tarehe.

Kalusi hazitoki, au zimetoka za majimaji

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi inapofia.

Kalusi nzuri ya mpunga ni ya rangi ya maziwa iliyokolea manjano, kavu kwa nje, imejaa vijivimbe vya mviringo vya milimita moja hadi tatu ambavyo ukivigusa kwa koleo vinaachana kirahisi. Inatoka kwenye skutelamu, ule upande wa kiinitete unaogusa wanga wa punje. Kalusi mbaya ni laini, inang'aa, inapitisha mwanga, na ukiinyanyua inavutika kama uji wa sago. Hiyo ya pili hukua haraka kuliko ya kwanza, na ndiyo inayowahadaa wanaoanza: sahani imejaa, mtu anafurahi. Ukiiambukiza itakufa au itaishi bila kuchipua. Chagua kwa jicho kali, bora ubaki na vipande vichache. Ukiwa na hadubini ndogo ya mezani itumie. Ukikosa, kioo cha kukuzia na taa ya pembeni vinatosha.

Zikitoka za majimaji, angalia unyevu kwanza. Jeli iliyomiminwa ikiwa ya moto sana na kufunikwa mara moja hujaza matone kwenye kifuniko, na matone hayo yatarudi juu ya kalusi. Acha ipoe hadi nyuzi 50 hivi ndipo umimine, na uache kifuniko wazi kidogo ndani ya kabati mpaka mvuke uishe. Jeli dhaifu nayo hutoa maji. Ikiwa haigandi sawasawa, pima pH: inatakiwa 5.8 kabla ya kuingia kwenye otoklevu. Ikishuka mno, agari huvunjika kwenye joto na unabaki na rojo. Mita ya pH isiyosahihishwa kwa myeyusho wa kipimo ni pambo la meza.

Kalusi zikikosa kutoka kabisa na badala yake mbegu ikaota tu jani na mzizi, mshukiwe 2,4-D. Kiasi cha kawaida ni miligramu 2 kwa lita. Homoni hii haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Inaanza kwa spiriti kidogo au sodiamu haidroksidi, kisha maji yanaongezwa taratibu. Aliyeitia moja kwa moja kwenye maji ana unga uliokaa chini ya chupa, na sahani zake za mwanzo hazina homoni wakati za mwisho zimezidishiwa. Ukiona sahani za kundi moja zinatofautiana hivyo, sababu ndiyo hiyo.

Kisha maji. Maji ya bomba ya Tanga, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, ni ya kunywa na kupikia. Hayakukusudiwa kutengenezea chakula cha tishu. Tumia yaliyotoneshwa, na hata hayo yasikae wiki kadhaa kwenye dumu la plastiki.

La mwisho ni aina ya mbegu. Mapishi mengi yaliyochapishwa yametengenezwa kwa Nipponbare au Kitaake, aina za japonika. Aina za kwetu kama SARO 5 au Supa zikikataa kufuata mapishi hayo, hujakosea hatua. Kila aina ina tabia yake ya tishu, na huwezi kuijua ila kwa kujaribu viwango tofauti vya homoni ukilinganisha. Ushauri wangu ni kuanza na Nipponbare mpaka mkono uzoee, ndipo uhamie aina yako. Wengine hawakubaliani nami, wanasema ni kupoteza muda kwa mpunga ambao hakuna mkulima wa Korogwe atakayeupanda. Lakini mtu ambaye hajawahi kuona kalusi nzuri atajuaje kuwa ya kwake ni mbaya?

Kalusi zimegeuka kahawia

Kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Kalusi zangu zote zimekufa, zimekuwa kahawia. Nizitupe?"

Nikamjibu: "Marahaba mdogo wangu. Usitupe. Zimekaa kwenye haigromisini muda gani?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Weka sahani juu ya kitambaa cheusi, washa taa pembeni, unipigie picha ya karibu."

Picha ilipokuja, kwenye ubavu wa kipande kimoja kilichokwisha kuwa kahawia iliyokolea palikuwa na kijivimbe cha rangi ya maziwa, hakifiki milimita moja. Kingine kwenye kipande cha upande wa pili. Vyote viwili vilikuwa vigumu, vikavu, vimechomoza. Hivyo ndivyo alivyokuwa akivitafuta muda wote. Seli zilizopokea jeni ni chache, zilizobaki hufa, na anayeokoka huota juu ya maiti za wenzake. Kahawia ya wiki ya pili hadi ya nne kwenye dawa ya kuchagulia ni habari njema, ilimradi sahani yako ya pili ya ulinganisho nayo imekufa.

Kahawia ya siku moja au mbili baada ya kuambukiza ni jambo jingine. Hapo tishu imejeruhiwa, na sababu za kawaida ni bakteria nzito mno, maji mengi, na kalusi kukaa pamoja na bakteria kupita kiasi. Kwa mpunga bakteria haihitaji kuwa nzito; myeyusho uwe na utusitusi hafifu tu, kama kipimo cha mwanga ni 0.1 hivi kwenye mawimbi ya nanomita 600 panatosha kwa mapishi mengi. Baada ya kuzamisha, weka kalusi kwenye karatasi ya chujio iliyotakaswa mpaka zikauke juu, ndipo uzihamishie kwenye sahani ya kukaa pamoja, nayo iwe na karatasi ya chujio juu ya jeli. Siku tatu zinatosha. Kalusi zilizozeeka hukimbilia kahawia upesi zaidi. Tumia zile zilizohamishiwa sahani mpya siku chache kabla.

Kwa mtama tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu tishu zake hutoa fenoli nyingi zinazochafua jeli kwa rangi ya zambarau au kahawia. Huko watu huhamisha vipande mara kwa mara na kuongeza kitu cha kunyonya fenoli, au asidi askobiki.

Bakteria hawamaliziki

Umeosha, umeweka sefotaksimu, kile kiuavijasumu cha kumaliza bakteria, na baada ya siku nne utando mweupe unazunguka kila kalusi. Kosa linaweza kuwa kwenye kuosha: endelea mpaka maji yawe maangavu kabisa, na maosho ya mwisho yawe na kiuavijasumu chenyewe. Baada ya hapo kausha. Kalusi iliyowekwa ikiwa na maji ni hifadhi ya bakteria.

Lakini nikisikia tatizo hili Tanga huuliza kwanza habari za friza. Sefotaksimu, ambayo hutumika kwa miligramu 250 kwa lita au zaidi, haivumilii joto. Haiingii kwenye otoklevu. Huchujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22 na kutiwa kwenye jeli iliyopoa hadi nyuzi 50 hivi. Akiba yake hukaa kwenye friza. Umeme ukikatika usiku kucha ikayeyuka, asubuhi ikaganda tena, chupa inaonekana ileile lakini nguvu imepungua. Gawa akiba kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, na ndani ya friza weka chupa ya maji yaliyoganda yenye sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama katikati, umeme ulikatika muda mrefu hata kama hukuambiwa.

Na sahani za jeli zenye dawa hizi zisikae mezani mwezi mzima zikisubiri zamu.

Hakuna bluu hata moja

Sahani ya nne imepauka. DNA haikuvuka, au ilivuka lakini haisemi. Vitenganishe hivyo viwili.

Tuanze na joto, maana ndilo la kwetu. Vyombo ambavyo bakteria huvitumia kusukuma DNA havipendi joto. Kukaa pamoja kwa mpunga hufanywa kwenye nyuzi 25 hivi. Ukipita 28 uhamisho unadhoofika, hata kama bakteria yenyewe inaendelea kuzaana vizuri na wewe unaona kila kitu kinakwenda. Mwezi wa Februari Tanga, kiyoyozi kikizimika mchana, chumba kinavuka nyuzi 30 bila shida. Weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, kisha kisome kila asubuhi. Vilevile usiioteshe agrobakteria kwenye mashine ya nyuzi 37 inayotumika kwa ekolai, bakteria nyingine ya maabara; ikae kwenye 28. Kwenye 37 inaweza kuipoteza plazimidi yake ya Ti, na bila hiyo haina cha kusukumia.

Pili ni asetosiringoni. Bakteria huamshwa na kemikali zinazotoka kwenye jeraha la mmea, na nafaka hazitoi ishara hiyo ya kutosha, hivyo tunaiongeza wenyewe, mikromola 100 kwa kawaida. Iwe mpya, iyeyushwe kwenye kiyeyushi cha DMSO, na pH ya sahani ya kukaa pamoja ishushwe hadi 5.2 hivi. Ukiisahau, unaweza kurudia jaribio zima bila kujua kilichokosekana, kwa sababu kalusi zitaonekana zina afya tele.

Tatu ni plazimidi. Toa DNA ya bakteria uliyotumia siku ileile na uikague. Vipande vikubwa huweza kujipangua upya ndani ya bakteria, na koloni iliyokaa sahani moja kwa mwezi haiaminiki. Anza kila mara na akiba ya friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Ikiwa vyote hivyo viko sawa, huenda jeni imefika ila promota, yaani swichi ya kuiwashia, haifai. Promota ya 35S kutoka virusi vya koliflawa inafanya kazi vizuri kwenye tumbaku na nyanya, lakini kwenye nafaka ni dhaifu. Tumia ya ubikwitini ya mahindi au ya aktini ya mpunga.

Na kuna upande wa pili wa shilingi: bluu nyingi mno, iliyotandaa hata kwenye maji ya nje. Hiyo huenda ni bakteria wenyewe wanaotengeneza kimeng'enya. GUS unayotumia iwe na introni ndani yake, yaani kipande ambacho lazima kikatwe ndipo jeni ifanye kazi, kwa sababu bakteria hawawezi kuikata introni, mmea unaweza.

Zote zinaishi, au zote zinakufa

Zikiishi zote, pamoja na zile ambazo hazikuambukizwa, dawa haiui. Kwa mpunga haigromisini ya miligramu 50 kwa lita ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini kila aina ya mbegu ipimiwe kiwango chake: sahani za 0, 20, 30, 40 na 50, bila bakteria, wiki nne. Chagua kiwango cha chini kinachoua zote. Kanamisini achana nayo. Nafaka zina uvumilivu wa asili nayo, na sahani itabaki na mabaki yanayokua nusunusu. Vipande vikiwa vikubwa, vile vya juu havigusi dawa na vinajificha mgongoni mwa wenzao. Vivunje viwe vya milimita mbili tatu. Vaa glavu, haigromisini ni sumu kwa mtu pia.

Zikifa zote, rudi kwenye sahani ya nne. Kama kulikuwa na bluu, DNA ilivuka na dawa imewahi mno au imezidi; wape kalusi siku chache za kupumzika kwenye kiuavijasumu cha bakteria peke yake kabla ya kuanza kuchagua. Kama hakukuwa na bluu, tatizo si dawa.

Zimeokoka lakini hazichipui

Tazama sahani ya kwanza. Nayo ikigoma, kosa lilikuwepo kabla ya bakteria, na unajua tayari liko wapi: zile kalusi za majimaji. Ikichipua, basi muda wa kuchagua umekuwa mrefu. Kila mwezi unaoongezeka kwenye 2,4-D hupunguza uwezo wa kuchipua na huongeza miche myeupe isiyo na klorofili. Miche hiyo haiponi, usiihangaikie.

Njia moja ya gharama ndogo husaidia kuliko kubadili homoni: kausha kalusi kidogo kabla ya kuzipeleka kwenye sahani ya kuchipuisha. Siku moja kwenye sahani tupu yenye karatasi kavu ya chujio, imefungwa, inatosha. Kisha homoni, yaani kinetini au BAP miligramu 2 kwa lita na NAA kidogo sana, jeli ngumu kuliko kawaida, mwanga wa saa 16. Ukiona vidoa vya kijani ndani ya wiki mbili, umefika.

Mahindi, ngano, na wenye bunduki

Mahindi hayaanzi na mbegu kavu. Yanaanza na kiinitete kichanga cha milimita 1.5 hadi 2, siku kumi hadi kumi na tatu baada ya uchavushaji. Joto likiwa kali hukua haraka, kwa hiyo pima kwa rula kuliko kuhesabu siku. Kiinitete kikikaa kichwa chini, yaani mhimili (sehemu inayoota jani na mzizi) juu na skutelamu imegusa jeli, kitaota mche badala ya kalusi. Aina nyingi za kitropiki hukataa, na hapo ndipo jeni za kuchochea ukuaji zilipoleta nafuu: Baby boom na Wuschel2 kwa mahindi tangu 2016, GRF4 na GIF1 kwa ngano tangu 2020.

Bunduki ya jeni, iliyobuniwa na John Sanford na wenzake wa Cornell miaka ya 1980, haijali kama mmea unapendwa na bakteria. Hurusha chembe za dhahabu za mikromita 0.6 au 1 zilizopakwa DNA kwa nguvu ya heliamu. Matatizo yake ni mawili tu ya maana: dhahabu iliyogandamana, ambayo huacha shimo katikati ya sahani na kando pakavu, na nakala nyingi za jeni zinazoingia pamoja kisha kunyamazishwa na mmea. La kwanza hutibiwa kwa kutikisa dhahabu mpaka dakika ya kuiweka. La pili halina dawa ila kuzalisha miche mingi na kuchuja. Ukitaka maoni yangu, mtungi wa heliamu ukiisha ukiwa Tanga utaipenda agrobakteria.

PCR inasema ndiyo, mmea unasema hapana

PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA mpaka kionekane kama bendi, imetoa bendi, watu wameshangilia. Ngoja. Agrobakteria chache zilizojificha kwenye jani zinatosha kutoa bendi hiyo. Pima sampuli ileile kwa jeni ambayo iko kwenye bakteria nje ya kipande kinachohamishwa, kwa mfano mojawapo ya jeni za vir, zile zinazoendesha uhamisho. Ikitoa bendi pia, ulichopima kinaweza kuwa bakteria. Ukiweza, fanya kipimo cha DNA kiitwacho Southern, kinachokuonyesha jeni imeingia kwenye kromosomu na ni nakala ngapi. Na mwamuzi wa mwisho ni mbegu za kizazi kinachofuata: ziloweke kwenye haigromisini, jeni ikiwa moja tu utaona takribani tatu zinaota kwa kila moja inayokufa. Wanaohariri jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, wana kazi ya ziada, kusoma mfuatano wa DNA yenyewe, kwa sababu kuwepo kwa Cas9, kimeng'enya cha kukatia, hakumaanishi imekata.

Miche inanyauka ikitoka kwenye chupa

Majani yaliyolelewa ndani ya chupa hayajui kufunga vinyweleo vyake vya hewa. Osha jeli yote kwenye mizizi, maana sukari iliyobaki huita ukungu. Panda kwenye udongo uliopikwa. Funika kwa mfuko wa plastiki unaoangaza, na utoboe tundu moja moja kila siku kwa wiki moja au mbili. Unyevu wa pwani unasaidia, upepo wa kaskazi haukusaidii.

Haya yote yafanyike ndani ya banda lenye wavu na mlango wa mara mbili ulioandikwa kwenye kibali. Mahindi ya kustahimili ukame yaliyopandwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 yalikuwa na uzio na walinzi, na bado majaribio ya namna hiyo yalisitishwa na serikali. Sembuse mche wako mmoja ukionekana umetoka na mtu kwenye mfuko wa rambo. Udongo, jeli, maji ya kuoshea mizizi na miche iliyokufa vyote vinapita kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa nusu saa nzima kwa sababu udongo hupenyeza mvuke polepole, ndipo vinatupwa.